Bustani ya Monticello na Mikono Iliyoilima

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wakulima na walimu, na kupigwa chapa hapa kwa maombi ya waliohudhuria.)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya bustani. Hapana shaka wengine wenu wanajiuliza, karani atawezaje kuwafundisha kilimo watu waliozaliwa na jembe mkononi? Jambo hilo nalijua, wala sikuja kuwafundisha namna ya kushika jembe. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Kwa hiyo nimechagua kuwapa habari za bustani moja ambayo, kama si kalamu na daftari, leo isingaliwezekana kuonekana kama ilivyokuwa zamani. Tena nitawapa habari za watu walioilima, ambao kalamu hiyo hiyo haikuwatendea haki. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nasema si mali tu, hata watu hupotea. Maneno yangu ya leo ni hayo, nanyi mnisikilize kwa subira.

MAHALI PENYEWE

Bustani hiyo iko Marekani, katika jimbo la Virginia, karibu na mji wa Charlottesville. Mimi sikufika huko kwa miguu yangu. Nimefika kwa kusoma. Jina la mahali hapo ni Monticello, nalo ni neno la Kitaliani, maana yake mlima mdogo. Na kweli ni mdogo: kimo chake ni futi 867 tu juu ya bahari. Sisi tuliozoea kusikia sifa za Kilimanjaro tungeuita kichuguu.

Mwenye mlima huo alikuwa Thomas Jefferson, aliyezaliwa mwaka 1743. Yeye ndiye aliyeandika lile tangazo la mwaka 1776, ambalo kwalo watu wa Marekani walijitoa chini ya Mfalme wa Uingereza, na ndani yake alitia neno kwamba watu wote wameumbwa sawa. Baadaye akawa Rais wa tatu wa nchi ile, toka mwaka 1801 mpaka mwaka 1809. Lile neno la usawa liwekeni akilini, kwa sababu tutalirudia.

Baba yake alikufa mwaka 1757, akamwachia kijana huyu ardhi nyingi. Mwaka 1768 kilele cha mlima kilianza kusawazishwa kwa majembe na sururu, na mwaka uliofuata ujenzi ukaanza. Nyumba ile ilijengwa, ikabomolewa sehemu, ikajengwa tena kwa namna nyingine, na kazi hiyo ilichukua muda wa miaka 40 hivi.

Kujenga kileleni kuna uzuri wake, maana mtu huona nchi pande zote. Lakini kuna taabu yake pia, nayo ni maji. Kisima kilichimbwa mwaka 1769, kikashuka futi 65 ndani ya mwamba, na hata hivyo mara nyingi kilikauka. Hatimaye, kati ya mwaka 1808 na 1810, yakachimbwa mabirika manne ya kukinga maji ya mvua yanayotiririka juu ya mapaa, kila moja futi 8 kwenda chini na futi 8 kila upande. Hayo nayo yalivuja kwa muda mrefu. Basi mwenye kuchagua mahali pa kujenga nyumba na aangalie kwanza maji, ndipo atazame mandhari.

JINSI BUSTANI ILIVYOPANGWA

Watu wengi wasikiapo neno bustani hufikiri ni maua tu. Bustani ya Monticello ilikuwa mlima mzima. Kuuzunguka mlima zilikatwa barabara nne, moja juu ya nyingine, kama mikanda. Na njia nyingine za mteremko ziliziunganisha. Nyuma ya nyumba, upande wa magharibi, palikuwa na uwanja wa majani, na kuuzunguka uwanja huo ilipita njia ya miguu iliyopindapinda, yenye maua kandokando. Karibu na pembe za nyumba palikuwa na matuta 20 ya maua, yenye umbo la yai.

Penye mteremko wa upande mwingine ulikuwapo msitu uliotengenezwa, wa ekari 18. Hapa pana jambo la kufikiri. Mwaka 1786 Jefferson alisafiri Uingereza pamoja na John Adams, wakazitembelea bustani kubwa za mabwana wa huko. Alizipenda sana, wala hakuona haya kujifunza. Lakini aliporudi kwao hakuziiga kama kasuku aigavyo maneno. Alitambua kwamba Uingereza ni nchi ya mawingu, na uwanja ulio wazi hufaa huko, bali Virginia ina jua kali, na mtu anataka kivuli. Kwa hiyo aliazimu kuiacha miti mirefu isimame, matawi yake ya chini yakatwe, ili mtu atembee chini yake kama chini ya dari. Ndugu zangu, kujifunza kwa wengine ni jambo jema. Lakini jua la kwetu tunalijua sisi.

Chini kidogo ya nyumba, upande wa kusini-mashariki, ndiko ilikokuwa bustani ya mboga, nayo ndiyo ninayotaka tukae sana. Urefu wake ni futi 1,000, yaani hatua 400 hivi za mtu mzima, na upana wake futi 80. Si kwamba palikuwa na tambarare; mteremko ulikatwa tangu mwaka 1806, udongo ukajazwa upande wa chini, na ukuta wa mawe ukajengwa kuuzuia usiporomoke. Mahali pengine ukuta huo una kimo cha futi 12. Bustani iligawanywa viwanja 24, navyo vikapangwa kwa akili: mboga zinazoliwa matunda yake mahali pamoja, zinazoliwa mizizi mahali pao, na zinazoliwa majani mahali pao. Chini ya ukuta yalikuwa matunda: matofaa, mapichi na mizabibu. Na kuzunguka yote palijengwa ua wa mbao wenye kimo cha futi 10, zikakaribishwa sana hata mtoto wa sungura asipate kupenya.

KITABU CHA BUSTANI

Sasa nafika penye kazi yangu mimi. Mwaka 1766, alipokuwa kijana wa miaka 22, Jefferson alifungua kitabu akaandika kwamba ua fulani la zambarau limeanza kuchanua. Ni neno dogo sana. Lakini hakuacha. Aliendelea kuandika katika kitabu hicho mpaka mwaka 1824, alipokuwa mzee wa miaka 81. Mara nyingine alikaa miaka bila kuandika, kwa kuwa kazi za serikali zilimpeleka mbali, alirudi akaendelea.

Aliandika nini? Aliandika mbegu gani imepandwa, wapi, siku gani; siku gani imeota; siku gani mboga imeletwa mezani mara ya kwanza, na siku gani imekwisha. Kwa namna hiyo alijaribu aina zaidi ya 300 za mboga na majani ya kutia ladha, na aina 170 za matunda.

Lakini jambo ninalolisifu zaidi ni kwamba aliandika pia yaliyomshinda. Ukurasa baada ya ukurasa waona: haikuota, imeuawa na baridi, imeliwa na wadudu. Mizabibu ya kufanyia divai alijaribu mara nyingi, wala hakufanikiwa. Wengi wetu tukipata gunia 10 tunatangaza mpaka kijiji cha pili, na mbegu ikifa shambani tunanyamaza kana kwamba tumeiba. Kumbe mkulima anayeficha hasara yake huirudia mwaka wa pili, na jirani yake huirudia mwaka wa tatu.

Kwa mboga zote alipenda sana njegere. Yeye na jirani zake walikuwa na mashindano: atakayetangulia kupata njegere mezani, ndiye atakayewaalika wenzake kwa chakula. Kwa kawaida alishinda jirani yake mmoja, jina lake George Divers. Jamaa za Jefferson walisimulia kwamba mwaka mmoja Jefferson alitangulia, nao wakamhimiza atoe mwaliko. Akakataa, akasema mwacheni Divers apate heshima yake. Hiyo ndiyo adabu ya ujirani.

MBEGU ZILIZOTOKA KWETU

Katika orodha ya mboga zake nimeyakuta majina ambayo, nilipoyasoma, yalinifanya nicheke peke yangu kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Nilikuta bamia. Nilikuta tikiti maji. Nilikuta kunde. Nilikuta ufuta, ambao Jefferson alijaribu kuukamua apate mafuta ya kutia katika saladi, naye mwenyewe aliandika kwamba mbegu hiyo ililetwa Marekani na Waafrika.

Fikirini basi. Mwafrika alikamatwa, akafungwa minyororo, akavushwa bahari katika tumbo la merikebu, naye hakuruhusiwa kuchukua mali, wala nguo, wala jamaa. Na hata hivyo mbegu za kwao zilifika. Zikapandwa, zikaota, mpaka Rais wa nchi akazitaka kwa meza yake.

Jambo jingine la kutufaa ni habari ya udongo. Milima ya Virginia ilikuwa ikilimwa kwa mistari ya kupanda na kushuka, na kila mvua kubwa iliyonyesha iliuchukua udongo mzuri ikautupa mitoni. Mkwewe Jefferson, Thomas Mann Randolph, alianza kulima kwa kukinga mteremko, mistari ikiuzunguka mlima kwa usawa mmoja, hata maji yakawa yanasimama katika kila mfuo na kuzama chini badala ya kukimbia. Jefferson aliisifu sana kazi hiyo. Nasema haya kwa sababu kuna wanaodhani kwamba matuta ya kukinga mlima ni adhabu iliyobuniwa kwa ajili yao tu. Sivyo. Maji hayabagui mtu. Yanachukua udongo wa Rais na wa maskini sawasawa.

MIKONO ILIYOFANYA KAZI

Mabibi na mabwana, mpaka hapa nimesema, Jefferson alipanda, Jefferson alikata mlima, Jefferson alijenga ukuta. Hivyo ndivyo vitabu vingi vilivyosema kwa miaka mingi. Sasa nataka kuuliza swali ambalo kila mkulima angeuliza: mtu mmoja, tena mwenye kazi za serikali, aliyekaa Ufaransa toka mwaka 1784 mpaka 1789, aliyekuwa Rais miaka 8 katika mji wa Washington, aliwezaje kuhamisha udongo wa bustani ya futi 1,000?

Hakuhamisha yeye. Waliohamisha walikuwa watumwa. Mtu yule aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600, na kwa kawaida watu 130 hivi waliishi katika mashamba ya Monticello kwa wakati mmoja. Juu kidogo tu ya bustani ya mboga ilipita njia iliyoitwa Mulberry Row, kwa sababu ya miforosadi iliyopandwa kando yake, na hapo ndipo zilipokuwa nyumba zao na viwanda vyao: maseremala, wahunzi, wafumaji. Toka mwaka 1794 palikuwapo kiwanda cha misumari, na waliofua misumari walikuwa watoto wanaume wa miaka 10 mpaka 16.

Tusidhani kwamba habari hii ni ya ng'ambo tu. Unguja na Pemba mashamba ya mikarafuu, yenye harufu nzuri kiasi hicho, yalipandwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulifutwa huko kwa sheria mwaka 1897. Marekani uliondolewa mwaka 1865. Penye bustani kubwa ya zamani, popote duniani, yafaa kuuliza nani alichimba.

Watu hao, baada ya kazi ya bwana wao, walilima vijibustani vyao wenyewe, usiku na siku ya Jumapili. Toka mwaka 1805 mpaka 1808 mjukuu wa Jefferson, Anne Cary Randolph, aliandika katika daftari vitu vilivyonunuliwa kwa ajili ya jikoni la nyumba kuu. Na vilivyonunuliwa kwa watumwa ni kuku, mayai, matango, kabichi na matikiti. Basi mwenye bustani ya futi 1,000 alinunua mboga kwa watumwa wake! Mtu aliyechoka toka alfajiri, akalima kipande chake kwa mwanga wa mwezi, alikuwa na matango ya kuuza.

WORMLEY HUGHES

Miongoni mwao nataka mlijue jina la mmoja, Wormley Hughes. Alizaliwa mwaka 1781 katika utumwa. Alipokuwa mtoto alifua misumari katika kile kiwanda, tena alikuwa miongoni mwa waliofua kwa ustadi. Baadaye akawa mtunza bustani mkuu wa Monticello, na kazi ya farasi vile vile ilikuwa mikononi mwake. Matuta ya maua karibu na nyumba, na maua kandokando ya ile njia iliyopindapinda, ni kazi ya mikono yake. Bwana wake alipokuwa Washington, aliandika barua kuwauliza wajukuu wake maua yamefikia wapi. Nao walijibu, lakini aliyekuwa amepiga magoti udongoni ni Wormley.

Jefferson alikufa tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu lile tangazo la usawa. Aliyechimba kaburi lake ni Wormley Hughes.

Jefferson aliacha deni la dola zaidi ya 100,000. Katika wasia wake aliwapa uhuru watu watano. Jina la mtunza bustani halikuwamo. Binti yake Jefferson alimwachilia Wormley baadaye, bila hati. Lakini mwezi wa Januari 1827, ili deni lilipwe, palifanyika mnada pale pale juu ya mlima, na watu waliotangazwa kuuzwa walikuwa 130. Mke wa Wormley, Ursula, na watoto wao waliuzwa katika mnada huo. Mjukuu wa Jefferson aliwanunua Ursula na baadhi ya watoto, hata jamaa hiyo ikapata kukaa karibu tena. Wengi wengine hawakuwa na bahati hiyo.

Wormley aliishi mpaka mwaka 1858. Mwaka 1851 mtu mmoja aliyekuwa akiandika kitabu cha maisha ya Jefferson alimtafuta akamwuliza mambo ya zamani, naye mzee akayakumbuka yote. Ndivyo tunavyojua habari ya kaburi.

BUSTANI ILIYOPOTEA IKAONEKANA

Baada ya mnada mlima ulikaa bila watunzaji. Ua wa mbao ulioza. Kijumba kidogo kilichokuwa katikati ya bustani ya mboga, ambamo Jefferson alipenda kukaa jioni akisoma, kiliangushwa na tufani. Majani yakafunika yote. Nyumba ilipita mkono kwa mkono, mpaka mwaka 1923 iliponunuliwa na shirika lililoundwa kwa ajili ya kuitunza.

Kati ya mwaka 1939 na 1941 wanawake wa chama cha bustani cha Virginia walitaka kuyarudisha maua ya Jefferson. Walikuwa na mchoro wake, lakini ile njia iliyopindapinda haikuonekana. Ndipo usiku mmoja zikaletwa motokaa, taa zake zikawashwa na kumulika uwanja kwa ubavu, na katika mwanga huo wa chini wakaona kivuli cha mbonyeo mdogo majanini, ukipinda vile vile kama katika mchoro. Njia ilikuwapo miaka yote hiyo.

Mwaka 1979 wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchimba katika bustani ya mboga. Walikuta misingi ya ukuta, msingi wa kile kijumba, na madoa ya udongo mweusi mahali nguzo za ua ziliposimama na kuoza. Mwaka 1984 kijumba kilijengwa tena mahali pake. Leo wageni wanaofika Monticello huona viwanja 24 vimelimwa, na bamia na njegere zimo. Mwaka 1987 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Hiyo ndiyo nguvu ya daftari. Lakini daftari la bustani lilirudisha maua tu. Na wale watu je?

Jefferson alikuwa na kitabu cha pili, cha mashamba. Humo aliandika majina ya watumwa wake, mwaka wa kuzaliwa, nani ni mama wa nani, na yadi ngapi za nguo, blanketi na samaki wangapi kila mmoja amepewa. Kurasa nyingine za kitabu hicho hicho zina hesabu ya farasi na ng'ombe. Mimi ni karani, nazijua orodha za namna hiyo. Iliandikwa kwa ajili ya mali, si kwa ajili ya heshima. Walakini Mungu huweza kulitumia jambo kwa njia ambayo aliyelitenda hakuikusudia. Tangu mwaka 1993 watunzaji wa Monticello wamewatafuta wajukuu na vitukuu vya watumwa wale, wakaandika masimulizi waliyorithi kwa wazee wao. Na katika kutafuta nani amezaliwa na nani, orodha ile ya mali imekuwa msaada. Mwaka 2001, karibu na mahali wageni wanapoacha motokaa zao, yalithibitishwa makaburi ya watumwa yapatayo 40 na zaidi, mengi yakiwa na jiwe tupu lisilo na jina, au hata jiwe halina. Leo mahali hapo panaheshimiwa.

NAMBA AROBAINI NA MBILI

Nitamaliza kwa habari yangu mwenyewe, nayo si ya kujisifu. Miaka michache iliyopita nilikwenda mlimani kuandika hesabu ya watu waliokuwa wakichimba matuta ya kuzuia udongo. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa na haraka. Niliwahesabu kwa kidole, nikaandika: Watu 42, siku 6. Nikafunga daftari.

Mzee mmoja akanijia na jembe begani, akasema, "Karani, umeniandika?"

Nikamjibu, "Nimekuandika, babu."

"Nionyeshe jina langu."

Mzee yule hakujua kusoma. Nami ningaliweza kumwonyesha neno lo lote akaridhika. Lakini nilishindwa kumdanganya. Nikamwonyesha ile namba. Aliitazama sana, akaniuliza, "Hii ndiyo mimi?"

Nikasema, "Ni ninyi nyote, babu."

Akasema, "Mjukuu wangu, udongo huu ukikaa, siku moja mtoto wa mwanangu atakula mahindi yake hapa. Akiuliza nani alichimba, utamwambia Arobaini na Mbili?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua daftari ukurasa mpya, nikakaa juu ya jiwe, nikawaita mmoja mmoja: jina lake, la baba yake, na kijiji chake. Jua lilikuchwa kabla sijamaliza, nikamaliza kwa taa. Ukurasa ule mpaka leo upo.

MANENO YA MWISHO

Basi nawaomba mambo matatu, mepesi yote.

La kwanza, kila nyumba yenye mtoto anayesoma iwe na daftari la shamba. Mtoto aandike siku mvua ya kwanza iliponyesha, siku ya kupanda, siku ya kuvuna, na mbegu ilitoka kwa nani. Bibi mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake na amwite mwanawe amwandikie vivyo hivyo, kwa maana mchicha wake ni mali kama pamba ya mumewe.

La pili, yaandikwe na yaliyoshindikana. Si aibu. Mwenye daftari lisilo na hasara hata moja, huyo si mkulima, ni mtunga hadithi.

La tatu, yaandikwe majina. Tukijenga ukuta, tukichimba kisima, tukipanda miti ya shule, tusiandike tu jina la aliyeamuru. Twaandike na aliyebeba mawe, na aliyechota maji, na mama aliyewapikia wachimbaji. Karatasi ya ziada ni bei ndogo.

Wageni wa Monticello huambiwa sasa jina la Wormley Hughes wanapotembea kati ya maua aliyoyapanda. Ilichukua miaka mingi mno. Sisi tunaweza kuanza leo, na kwa watu walio hai, wakajisikia wakitajwa.

Nimekwisha. Na kabla hamjaondoka, nawasihi kila mmoja apite hapa mezani nimwandike jina lake.